Milima ya Mbali kwa Rangi za Mafuta: Kikao Kimoja au Tabaka kwa Tabaka?

Mchoraji wa mandhari anayetaka milima ya nyuma ionekane iko mbali kweli ana njia mbili: kupaka rangi mbichi juu ya mbichi na kumaliza kwa kikao kimoja, au kuacha kila tabaka likauke kabla ya kupaka jingine. Njia ya kwanza hulainisha kingo papo hapo, kwani brashi kavu ikipitishwa taratibu kwenye mpaka wa mlima na mbingu, mstari huyeyuka kama ukungu. Lakini kijani cha mbele kikipenya nyuma huchafua buluu hafifu ya milima ya mbali, na kuirudisha ni kazi ngumu.

Njia ya pili, iliyo karibu zaidi na desturi ya karne ya 17 ya wachoraji wa mandhari kama Claude Lorrain, hudai subira ya siku kadhaa, na mafuta huongezwa kidogo kadiri tabaka zinavyopanda ili rangi isipasuke. Hata hivyo, utando mwembamba wa nyeupe na buluu juu ya mlima uliokwisha kukauka huusogeza mbali bila kuufuta, na ukizidi hupanguswa kwa kitambaa. Kwa mandhari ya kiklasiki, mimi huichagua hii.