Mashine ya kukata majani: kutengeneza au kununua mpya?

Hapa Mbeya, mvua zikianza Novemba, majani hayakupi nafasi ya kufikiri. Ndipo unapoitoa stoo ile mashine inayojisukuma yenyewe, unavuta kamba mara kumi, kimya.

Mpya ina raha yake: inawaka siku hiyohiyo, ina warantii. Lakini nyingi za bei nafuu bodi lake ni bati jembamba, na spea zake kuzipata ni kazi.

Ya zamani mara nyingi haijafa. Petroli iliyolala miezi huacha utando kama gundi ndani ya kabureta, sehemu inayochanganya petroli na hewa, ukaziba kitundu chembamba kuliko sindano. Kuisafisha, plagi mpya, oili, basi. Magurudumu yakigoma kuvuta, angalia mkanda kwanza: wangu ulikuwa unang'aa kama kioo, umelegea, unateleza tu. Fundi wa Mwanjelwa aliubadilisha nikiwa nimesimama pale pale.

Kumbuka pia, mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi hupunguza nguvu ya injini yoyote, hata mpya. Mimi ningetengeneza, isipokuwa krenki (shafti kuu ya injini) imepinda au silinda imekwisha. Hapo nunua.