Kabureta mbili za Weber 40 DCOE kwenye Datsun 160J, baada ya mwaka na nusu wa Arusha na Tanga

Kwa wenye haraka: ni nzuri, ningenunua tena, ila kama wewe ni wa kuacha funguo gereji asubuhi na kurudi jioni kuchukua gari, basi hiyo hela yako peleka kwenye matairi. Wenye muda twende.

Gari ni Datsun 160J ya 1979, milango minne, niliikuta Tanga nyuma ya nyumba ya mtu chini ya mwembe, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma, na sitii chumvi hapa, mayai niliyaona kwa macho. Chumvi yenyewe ilikuwa ya bahari na ilishakula vizingiti vya milango yote na sakafu ya upande wa abiria, ukifunua kapeti unaona mchanga. Mwenye akili zake angeiacha palepale lakini mimi nimekua nasikia habari za Shekhar Mehta, marehemu baba alikuwa hachoki kusimulia jinsi yule bwana alivyochukua Safari Rally miaka 4 mfululizo, 1979 na 1980 na 160J, 1981 na 1982 na Violet GT ambayo ni gari hilohilo tu limebadilishwa jina, sasa mimi naionaje pua ile chini ya mwembe afu niondoke? Nikalipa. Bodi imechukua miezi 7 ya kuchomelea na hiyo siiongelei leo, nikiiongelea nitalia.

Mashine yake ya L16, ile ya cc 1595, ilishanoki zamani. Nikapata L18 ya cc 1770 kutoka kwenye Datsun 180B iliyokufa bodi, inakaa palepale bila kukata kitu, na hapo ndo wazo la Weber likaja, maana kabureta ya zamani ni moja inalisha silinda zote 4, ukikanyaga unasikia kabisa kama watu wanne wanagombania mrija mmoja wa soda. Weber DCOE zinalala ubavu, kila moja ina midomo miwili, ukifunga mbili basi kila silinda ina mdomo wake peke yake. Wajapani wenyewe enzi hizo walipenda Solex zilizotengenezwa na Mikuni, kazi ni ileile, ila kupata jeti (vile vipande vyenye tundu la kupimia mafuta) za Solex leo ni shughuli, za Weber bado zinauzwa mpya.

Niliagiza kupitia binamu yangu aliyeko Uingereza. Mpya, zimeandikwa zimetengenezwa Uhispania (za zamani ni za Italia, Bologna, na kuna watu wanazilipia kama dhahabu, mimi sikuona sababu). Ukijumlisha jozi, manifoldi yake, waya wa aksileta na usafiri niliishia kwenye bei ya bodaboda mpya na chenji haikurudi. Kuna kopi ambazo bei yake ni kama theluthi, mshkaji wangu anazo kwenye Corolla yake ya zamani, na shafti inayoshika vile vipepeo vya ndani ilikuja ina mchezo toka kwenye boksi, unaitikisa kwa vidole inacheza, hewa inapita pembeni na gari haijawahi kutulia sailensi, yaani ikiwa imesimama hujakanyaga mafuta, hata siku moja. Kaokoa hela lakini kila tukikutana ananiomba nisikilize gari yake. Nishachoka kusikiliza.

Sasa matatizo. Kabureta zenyewe hazina kosa, kosa langu ni kwamba nilizipeleka gereji moja ambayo siitaji, kijana alinihakikishia Weber anazijua kama kiganja chake. Mambo matatu aliyafanya. Kwanza alikaza nati za kabureta mpaka zikalia. Pale katikati ya kabureta na manifoldi kunakuwa na sahani yenye ringi ya mpira na kwenye nati kunakaa washa za springi, kusudi kabureta ielee kidogo, ibaki nafasi kama ya milimita moja, maana L18 ikipanda mzunguko inatetemeka na ukiibana kabureta moja kwa moja ule mtetemo unafanya mafuta ndani yatoe povu kama omo, gari inaanza kumisi juu huko na unatafuta tatizo kwenye moto wakati tatizo ni nati. Pili aliona pampu ya mafuta ya zamani ni ya kizee, akatoa, akafunga pampu ya umeme ya gari la EFI, yale ya kisasa yasiyo na kabureta. Weber inataka presha kama psi 3 hivi, ile pampu inasukuma zaidi ya mara kumi ya hapo, kile kivalvu cha sindano ndani ya kabureta hakiwezi kuzuia, na kwenye hizi mashine za L mdomo wa kuvuta na ekzosi viko upande mmoja, yaani kabureta ziko juu ya ekzosi kabisa. Nilipowasha mara ya kwanza petroli ilimwagika kutoka kwenye midomo yote minne ikadondokea chini kwenye manifoldi ya ekzosi. Kilichoniokoa ni kwamba ekzosi ilikuwa bado baridi. Nilizima, nikachomoa terminali ya betri, nikaenda kukaa chini kwenye kivuli kama dakika ishirini sina cha kusema.

La tatu nilikuja kulijua baadaye.

Kuna mzee mmoja njia ya kwenda Usa River, alikuwa anatunza Datsun za shamba la kahawa miaka hiyo, saivi anafanya kazi nyumbani kwake chini ya mti wa parachichi. Nikaenda, nikamwamkia, akaitika marahaba huku hanitazami mimi, anatazama gari. Alizunguka mara mbili. Afu akafungua kile kifuniko cha duara juu ya kabureta, kina nati moja tu ya kufungua kwa vidole, akachomoa jeti kwa bisibisi, akaiinua juani, akachungulia tundu.

"Mwanangu, hii jeti nani kaitafuna?"

Kumbe yule kijana aliona gari inakohoa akaamua jeti ni ndogo, akatia waya wa brashi ya chuma akachokonoa tundu. Sasa sikia. Jeti imeandikwa namba, 130 maana yake tundu ni milimita 1.30. Ukitoka 130 kwenda 125 tofauti ni 0.05 ya milimita, yaani unywele, na huo unywele gari inausikia. Mtu anakuja na waya wa brashi. Zote nne alizichokonoa na kila moja kivyake, kwa hiyo nilikuwa nina mashine moja yenye silinda 4 kila moja inakula chakula cha nyumba yake. Nikaagiza jeti upya, na safari hii nikaagiza seti tatu, 120, 125 na 130, ambacho ndo kitu ningemwambia mtu yeyote afanye siku ileile ya kuagiza kabureta, sio baada ya kulia.

Mzee huyohuyo wakati anakagua hedi alitoa mfukoni kabari ya mbao, ya mninga, imechongwa ndefu nyembamba imeshakuwa nyeusi kwa oili. Hizi L ukifungua gia ya kamshafti bila kusokomeza kabari kwenye cheni, tenshana, ile inayokaza cheni, inaruka ndani na hapo unafungua mbele yote ya mashine kuirudisha. Anayo hiyo kabari toka kijana. Nimemwomba aniuzie, amekataa.

Kubalansi nako kuna shule yake. Kuna kigeji cha kupima upepo unaoingia kila mdomo, nilishanunua, ila mzee hakukitaka, alikata mpira wa maji kama futi mbili, ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, anasikiliza mlio, anahamia mdomo wa pili, anageuza skrubu robo, anarudi. Dakika kumi. Nilipokuja na kigeji changu sindano ilisoma karibu sawa kwenye midomo yote. Nikakirudisha kwenye boksi kimyakimya. Kwa sisi ambao hatuna masikio hayo kigeji kinalipa, nimekitumia mara nyingi toka hapo.

Pampu ya zamani ilirudi, nikaongeza regyuleta kidogo ya kuhakikisha psi 3. Basi, likaisha.

Sasa uendeshaji. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kama asilimia 13 kuliko ya Tanga, na kabureta haina kompyuta, haijui hayo, inamwaga mafuta kana kwamba iko ufukweni. Na venchuri 32 (ile sehemu nyembamba ya ndani ya mdomo) na jeti 130 gari ilikuwa inapata mafuta kupita kiasi, plagi zinatoka nyeusi kama zimetoka jikoni kwa mkaa. Nikashuka 125, jeti ya hewa nikaacha 180, na hii ndo siku niliyoelewa nimenunua nini. Kuanzia mzunguko wa 3,500 kwenda juu hii kitu inavuta bila kuuliza, na ule mlio, aisee, sio mlio wa ekzosi, ni wa mbele, kama mtu ananguruma ndani ya mtungi. Kwenye kona za vumbi ukiachia na kukanyaga inajibu palepale, huisubiri, na kwenye mbio zetu hizi za kuzunguka koni uwanjani ambako uko gia ya pili muda wote hicho ndo kitu unachokilipia. Nguvu za juu kabisa sijui kama zimeongezeka kivile, kamshafti bado ni ya kiwandani. Majibu ndo yamebadilika.

Chini ya hapo ilinisumbua miezi miwili. Ukitembea polepole kama kwenye foleni ya Mianzini, mguu umeugusa tu, kwenye 2,500 hivi inashtuka, inasita, afu inaruka. Mtu wa nyuma anadhani hujui klachi. Hapo jeti kubwa hazihusiki, zinazolisha ni zile ndogo za sailensi. Nimetoka 55F8 kwenda 50F8 na kushtuka kumepungua sana, hakujaisha. Watu wanaosema wamelimaliza kabisa nawaheshimu tu.

Halafu Tanga. Kulikuwa na mbio ndogo kule, nikaona badala ya kubeba gari kwenye lori niiendeshe, zaidi ya kilomita 400. Mpaka Same safi. Kuanzia Mombo joto linaanza kupanda na wewe unashuka, hewa inakuwa nzito, na gari ikaanza kupiga chafya mbele, paf, paf, kila nikiikanyaga ghafla. Nilijua ni nini ila nikajipa moyo, si tunafika. Segera nikasimama nikatoa plagi moja, nyeupe kama chaki, yaani mafuta hayatoshi. Na jeti 130 nilikuwa nazo kwenye kopo ndani ya dashbodi muda wote huo! Nikafungua vile vifuniko viwili palepale pembeni ya muuza machungwa, nikabadilisha zote nne, sikuhitaji spana hata moja, bisibisi tu, yule mama hajamaliza kumenya machungwa matatu gari inawaka. Chafya ikaisha hapohapo. Kwa hilo tu kabureta hizi nazipa maksi zote, sijui kabureta gani nyingine utabadilisha jeti kuu bila kuishusha.

Joto la Tanga lina lake lingine pia. Kwa sababu kabureta ziko juu ya ekzosi, ukizima gari mchana dakika kumi mafuta yanachemka ndani, ukirudi kuwasha inazungusha tu mpaka ukanyage mpaka mwisho ushikilie. Unahitaji kinga ya bati katikati. Za kununua zipo, mimi nilikata sinia la alumini la sokoni Kilombero, lile kubwa la pilau, nikalikunja nikatoboa matundu ya nati. Limesaidia kwa kiasi kikubwa. Mke wangu anajua sinia lilinunuliwa, hajui liko wapi.

Vitu vidogovidogo: asubuhi za Julai Arusha kanyaga aksileta mara tatu kabla ya kuwasha na uishikilie dakika mbili, haina adabu ya kutulia ikiwa baridi. Mafuta inakula, usiniulize lita ngapi. Na msije mkaacha midomo wazi kwa ajili ya picha, vumbi la Monduli litasaga silinda zako ndani ya msimu mmoja, weka filta za sponji na uzifue kila baada ya mbio.

Wiki ijayo nashuka Tanga tena. Jeti 130 ziko kwenye kopo lilelile la Vicks ndani ya dashbodi na safari hii nazibadilisha Mombo, kabla ya paf ya kwanza. Mzee kasema atakuja, kama nitampitia saa kumi na moja alfajiri na kama siti ya mbele imeshapata mkanda. Haijapata bado.