Rangi ya kutia nguo nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Kabla hujatoa hela pindua nguo usome lebo. Rangi inayoshika pamba sio inayoshika polista, na hapo ndo watu wengi wanapoangukia, wananunua pakiti kwa kuangalia picha ya juu tu alafu nguo inatoka na madoa ya kupauka wanasema rangi feki.

Namba moja kwangu ni rangi za riaktivi kama Procion MX, hizi ni za pamba, kitani na reyoni. Zinajifunga na uzi wenyewe kikemia kwa hiyo hata ukifua mara nyingi hazichuji ovyo, na huhitaji kuchemsha, maji ya uvuguvugu yanatosha. Ila lazima ununue na soda ash (unga wa kabonati ya sodiamu), bila hiyo haishiki kabisa na chumvi peke yake haiwezi kuziba hilo pengo. Ukiacha nguo kwenye beseni kama saa moja hivi, suuza mpaka maji yatoke masafi, na usishangae yakichukua muda. Iliyobaki usiitunze, ikishachanganyika na soda baada ya masaa machache imekufa. Na vaa barakoa unapopima unga jamani, unapepea na ukiuvuta sio mzuri kwa kifua.

Namba mbili ni zile za matumizi yote, mfano Rit ya kawaida. Rahisi kutumia, nzuri kama hujui kitambaa ni mchanganyiko gani: chumvi kwa pamba, siki kwa sufu na nailoni, maji yawe ya moto kwelikweli. Lakini kwenye pamba inachuja na kupauka mapema, fua peke yake kwa maji baridi.

Polista ina yake, tafuta iliyoandikwa ya sintetiki (Rit DyeMore ni mojawapo) na sufuria iwe jikoni inakaribia kuchemka, nusu saa au zaidi. Sufuria hiyo usipikie tena chakula.

Za asili naziweka mwisho, ila nazipenda. Maganda ya vitunguu maji ukiyachemsha, na kitambaa umekichemsha kwanza na shabu, yanatoa rangi ya dhahabu nzuri sana na inadumu. Manjano, ile bizari ya jikoni, yanakolea haraka lakini jua linayala, na tone la maji ya sabuni likiangukia pale panageuka pekundu hapohapo. Kama ni shati la kuvaa kila siku, manjano acha.

Kitu kingine, rangi haifuniki, inaongezea. Bluu juu ya njano ni kijani, na nyeusi huwezi kuigeuza pinki. Nyuzi za mshono nazo mara nyingi ni polista hata kwenye nguo ya pamba tupu. Shati langu jeupe nililitia nyeusi, likatoka limekolea vizuri kabisa, mishono yote imebaki myeupe kola mpaka pindo, siku hizi naangalia uzi kwanza.