Kompyuta ya kununua Lubumbashi kama programu yako bado inataka Windows XP au Windows 7

Meza ya kukata chuma haizeeki haraka kama kompyuta inayoiendesha. Nimeingia karakana za komine za Katuba na Kenya, hapahapa Lubumbashi, ambako meza ni nzima na mota zinazunguka vizuri, ila kompyuta imeungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Mwenye karakana anakimbia mjini, muuzaji anamwambia, "Papa, chukua hii, ni ya juzi tu." Anailipia, anafika nayo kazini, programu inakataa. Pesa imekwenda na wateja wanasubiri milango yao. Ninaandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya mama wa duka la dawa ambaye hesabu zake zote zimo ndani ya programu ya miaka ya XP.

Kinachokwamisha ni draiva, au piloti kama wengi wetu tunavyosema: programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji draiva iliyoandikwa kwa Windows ile unayotumia. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na watengenezaji wa vifaa nao wakaacha kuziandikia. Kwa hiyo usiulize kompyuta ina nguvu kiasi gani. Uliza kama ni ya kizazi ambacho bado kiliandikiwa draiva.

Kizazi kinasomeka kwenye namba ya prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Katika i5-3470, ile 3 ya mbele ndiyo kizazi cha tatu. i5-6500 ni cha sita, i5-10400 ni cha kumi. Usikubali kuambiwa "ni Core i5" basi. Mwambie muuzaji aiwashe, usome mwenyewe.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni kompyuta ya mezani ya ofisi ya kizazi cha tatu: Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300. Hiki ndicho kizazi cha mwisho ambacho Intel ilikiandikia draiva za picha za XP, na Windows 7 inakaa humo bila shida yoyote. Zilijengwa kwa kazi za ofisi za kila siku, na vipuri vyake bado vinapatikana kwa sababu zilitengenezwa nyingi sana. Angalizo moja kubwa: mwaka 2023 Dell ilitoa kompyuta nyingine kwa jina lilelile, OptiPlex 7010, yenye prosesa ya kizazi cha 13. Hiyo haikufai hata kidogo. Jina la kwenye boksi halitoshi, soma namba ya prosesa.

Kwa wenye Mach3, programu inayoendesha meza za kukata, mambo yana masharti zaidi. Draiva yake ya LPT, ile poti ndefu yenye matundu 25, inataka Windows ya biti 32, na inataka kompyuta ya mezani. Waya wa kugeuza USB kuwa LPT ni wa printa tu; meza yako haitasogea hata ukinunua kumi. Kama kompyuta haina poti hiyo, tafuta kadi ya PCI Express yenye LPT, ile inayochomekwa kwenye ubao wa ndani, kisha andika anwani yake kwenye mipangilio ya Mach3. Na usilipie memori ya GB 16: Windows ya biti 32 haivuki GB 4.

Nafasi ya pili ninawapa wale ambao hesabu zao hazina waya wowote wa pekee, kama yule mama wa duka la dawa. Nunua kompyuta ya kawaida ya kisasa, weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na XP iishi ndani yake kama mpangaji. Kompyuta ikiungua, unahamishia faili moja kwenye nyingine na kazi inaendelea. Kwa meza ya kukata haifai kabisa, kwa sababu Mach3 inahitaji kugusa poti moja kwa moja na kwa wakati kamili.

Nafasi ya tatu ni kizazi cha nne, mfano OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1. Ni nzuri kwa Windows 7, lakini kwa XP usiiguse, picha haina draiva.

Laptopu kama ThinkPad T430 au Latitude E6430, zote za kizazi cha tatu, zinakuja nafasi ya nne. Faida yake ni betri, na sote tunajua umeme wetu ulivyo. Ila pima betri kwa nusu saa kabla ya kulipa, na angalia kibodi: zilizotoka Ufaransa au Ubelgiji ni AZERTY, zinazopitia Dubai mara nyingi ni QWERTY.

Kizazi cha sita kinawezekana kwa Windows 7, lakini kwa jasho. Unapoanza kuinstoli, kibodi na mausi za USB zinakufa palepale, kwa kuwa diski ya Windows 7 haina draiva za USB 3. Fundi lazima azipachike kwanza. Kuanzia kizazi cha saba, acha: Intel haikutoa draiva ya picha ya Windows 7, na nyingi za kisasa zaidi hazina tena hata njia ya zamani ya kuwaka ambayo Windows 7 inaitegemea.

Kitu kimoja tu nakuomba ununue kipya: SSD ya SATA, yaani diski ya kisasa inayotumia waya wa diski za zamani; GB 240 inatosha. Usichukue NVMe, ile SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao. XP haiijui, na Windows 7 inahitaji kiraka kwanza.

Intaneti iweke mbali na XP kabisa. Kwenye Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 na Firefox la 115, kwa hiyo usifanyie mambo ya benki humo.

Kabla ya kutoka dukani, badilisha kabetri kadogo ka CR2032 kwenye ubao wa ndani. Kakifa, kila umeme unapokatika BIOS, programu ya kwanza kuwaka kabla ya Windows, inasahau mipangilio yake. IDE na AHCI ni namna mbili za BIOS kuongea na diski: kama XP iliwekwa kwa IDE na diski ikarudi kwenye AHCI, unapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Nimeona watu wakitupa diski nzima kwa ajili ya hilo. Ingia BIOS, rudisha IDE, na XP itawaka na kila kitu chako ndani.