Ruzuku ndogo ya utafiti kwa wasanifu na wapima ardhi: ilivyonisaidia Kamalondo

Wiki hii nimetuma ripoti ya mwisho ya ruzuku niliyopewa na chama kimoja cha kitaaluma cha Ulaya. Hapa Lubumbashi watu wanne wameshaniuliza kama inafaa kuihangaikia, basi naandika mara moja kwa wote. Inafaa. Ila kilichonifaa zaidi si pesa, na nitaeleza.

Mimi ni asistanti wa usanifu majengo, yaani mwalimu msaidizi chuoni. Ninachotafiti ni nyumba za Kamalondo, mtaa ambao wazee bado wanauita Albert. Wabelgiji walipoanzisha mji huu mwaka 1910 hawakutaka kulala karibu na wafanyakazi wao. Baadaye wakaacha ukanda mtupu kati ya mji wa wazungu na mitaa yetu, ukanda uliofika upana wa mita 700. Lupango za huku, yaani viwanja vya kujengea, zilikatwa ndogo. Leo kwenye lupango moja utakuta nyumba ya zamani mbele, na nyuma yake vyumba vya kupangisha vimeshikana ukuta kwa ukuta, familia nne au tano zikichota maji kwenye bomba moja. Nilitaka kupima lupango 14, nizichore zilivyo, niulize nani alijenga nini na lini. Pesa ya kazi kama hiyo sikuipata popote hapa nyumbani.

Ukianza kutafuta nje utakutana kwanza na majina makubwa. RIBA ya wasanifu wa Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1834, ina mfuko wa utafiti, na ina ile ruzuku yenye jina la msanifu Norman Foster: pauni 7,000 za kusafiri na kutafiti mambo ya uhai wa miji. Hiyo ni ya wanafunzi, na mimi nilishamaliza. RICS ya wapima ardhi na wathamini, ya mwaka 1868, inakuvutia zaidi kama uko upande wa thamani ya ardhi na gharama za ujenzi. FIG, shirikisho la dunia la wapima ardhi lililozaliwa Paris mwaka 1878 na sasa lina ofisi yake Copenhagen, lina wakfu unaosaidia hasa wanaosoma udaktari, wakiwemo wa nchi zetu. Mimi udaktari sijauanza. Lakini hata usipopata senti kwao, vitabu vyao unavipakua bure. Ile STDM pia, programu ya kuandikisha haki za ardhi ambazo hazina hati, inafanya kazi ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, bila kulipa chochote. Kwa mtu wa Lubumbashi, ambako lupango nyingi zina karatasi moja iliyochakaa na mashahidi watatu, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna milango isiyo yetu. Rafiki yangu anafundisha Kitwe, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasumbalesa. Yeye ni Mzambia, kwa hiyo anaomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Mimi niliye upande huu wa mpaka, kwenye udongo uleule mwekundu, siwezi. Rwanda iliingia jumuiya hiyo mwaka 2009 bila kuwahi kutawaliwa na Waingereza. Kongo bado. Iliniuma, sitaficha. Lakini huyohuyo wa Kitwe ndiye aliyekaa na ombi langu usiku mbili akininyooshea Kiingereza.

Sasa huduma yenyewe. Chama sikitaji jina, kwa sababu nina malalamiko pia na sitaki yasomwe kama kesi. Ruzuku ilikuwa yuro 3,000. Asilimia 60 unapewa mwanzoni, inayobaki baada ya ripoti. Ombi ni kurasa sita, bajeti, na barua mbili za watu wanaokujua kikazi. Barua lazima zitoke kwenye anwani ya barua pepe ya taasisi. Profesa wangu, kama maprofesa wengi hapa, anatumia anwani yake binafsi. Tulipoteza siku tisa kutafuta fundi wa kumfungulia ile ya chuo. Kama unafikiria kuomba, anza na hilo kabla hujaandika hata kichwa cha utafiti. Tovuti yao inafungwa saa sita usiku kwa saa zao, kwetu ni saa saba. Mtaani kwangu umeme ulikatika saa tatu. Nilituma kwa simu, nimekaa kwenye kibanda cha jirani mwenye jenereta, mega za intaneti zikiwa zinaelekea kuisha.

Shida kubwa ilikuwa jina. Sisi tuna nom (jina la ukoo), postnom (jina la pili linalolifuata) na prénom (jina la kwanza), yote matatu kwenye pasi. Fomu yao ina visanduku viwili. Nikaacha postnom. Pesa zikafika benki, benki ikaona jina halilingani na la akaunti, ikazirudisha Ulaya. Wiki saba! Makato ya kwenda na kurudi yakanilia yuro 64. Nilipowaandikia, bibi wa ofisi yao alijibu siku ileile, akaomba radhi, akaomba picha ya pasi yangu na kunitumia tena. Zile 64 hazikurudi. Andika majina yako yote matatu, hata kama mawili itabidi uyabane kwenye kisanduku kimoja.

Jambo la risiti nalo. Wao wanataka risiti ya kila kitu. Kijana aliyenishikia tepu nilimlipa dola 10 kwa siku. Yeye risiti ataitoa wapi? Mwenye teksi je? Nikawauliza kabla sijatumia hata franka moja, wakakubali karatasi yenye tarehe, kazi, kiasi na sahihi ya aliyepokea. Nilijaza daftari zima. Nawapongeza hapo, maana wangeweza kukataa, na kuna wafadhili wanaokataa.

Lakini lile nililotaka hasa kusema ni hili. Pamoja na barua ya kukubaliwa walinitumia kurasa mbili za maoni ya wasomaji wao, msanifu mmoja na mpima ardhi mmoja, bila majina. Msanifu aliuliza kwa nini michoro yangu ya majaribio ina kuta na milango lakini haionyeshi nani analala wapi. Mpima ardhi aliandika mstari mmoja tu: pima mishazari ya kila chumba, yaani kona hadi kona ya mkabala, usiridhike na urefu na upana. Nilikuwa nimepanga kupima pande tu, maana vyumba vya kupangisha ni vidogo na ukiwa mlangoni unaona ni mraba. Mtu aliyeshika tepu maisha yake yote alijua kwamba macho yanadanganya.

Lupango ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mjane. Alitutazama tangu getini, mikono kiunoni.

"Mukisha kupima, njo mutakuya kubomoa?"

"Hapana, mama. Ni ya masomo. Tukimaliza tutakuletea mchoro wako."

Alikubali, kwa sharti kwamba vyumba vya wapangaji tusiingie mpaka wenyewe wawepo. Ilikuwa haki yake, na haki yao. Tukarudi Jumapili baada ya misa. Chumba cha nyuma kilikuwa mita 3 kwa mita 3, pande zote nne. Nikamwambia kijana ashike kona. Mshazari wa kwanza: mita 4.12. Wa pili: 4.36. Chumba cha mraba cha ukubwa ule kingetoa 4.24 pande zote mbili. Tukapima tena, tukapata yaleyale. Tukaingia chumba cha pili, cha tatu, cha nne: vyote vimelala upande mmoja, kwa kiasi kilekile karibu. Nyumba ya mbele, yenye ukuta mnene wa matofali ya zamani, imenyooka kabisa. Kwa hiyo aliyejenga nyuma hakufuata nyumba. Alifuata mstari mwingine ambao leo haupo.

Nikamuuliza mama. Akacheka kidogo, akanyosha kidole kwenye mwembe wa jirani. Zamani, alisema, palikuwa na ua wa miti uliokatiza kuanzia pale kwenye mwembe, na upande wa pili alikaa shemeji yake. Shemeji alipohama, marehemu mume wake aling'oa ua, lakini fundi alikuwa ameshaweka msingi kuufuata. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Kuta ndizo zinasema, na zisingeniambia kitu kama nisingepima kona kwa kona. Katika lupango 14, tano zilikuwa na habari ya namna hiyo. Sura ya tatu ya ripoti yangu imetoka kwenye mstari ule mmoja wa mtu nisiyemjua jina.

Kwa hiyo ukiniuliza nyota, natoa nne kati ya tano. Ya tano naishikilia kwa ajili ya visanduku viwili vya majina, na kwa sababu bajeti yao inapenda sana ndege: nafasi ya kwenda mkutanoni ilikuwa na mstari wake tayari, ila mshahara wa anayeshika tepu nilibidi kuuingiza kwenye "mengineyo". Utafiti wa nyumba haufanyiki angani. Chama chochote cha wasanifu au wapima ardhi kinachotaka kusaidia vijana wa huku kiweke mstari wa wasaidizi wa uwanjani juu kabisa, na kilipe sehemu kubwa zaidi mwanzoni, maana asistanti hana mahali pa kukopa asilimia 40.

Mimi nilikopa kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeuza makala (mkaa) mtaa wa Katuba, dola 300, akaniambia nisimsumbue kwa riba. Michoro 14 nimeshaigawa kwa wenyewe. Ule wa mama mjane nilimwandikia majina ya wapangaji kila mmoja chumbani kwake, kama yule msanifu alivyotaka. Sehemu ya mwisho ya pesa wameniahidi ndani ya siku 30, na safari hii jina langu liko kamili. Ya kwanza kutoka humo ni ya yaya.