Studio ya kuskani picha za zamani Mashine Tatu, Iringa: waambie wasisafishe kitu

Wadau wa Iringa na Mafinga wenye picha za wazee ndani, hii studio ya Mashine Tatu naipa nyota 4 kati ya 5, na naielezea kwa kirefu maana kazi niliyowapelekea haikuwa picha ya harusi. Mzee wetu mmoja wa Ifunda ana bahasha ya picha ambazo baba yake aliachiwa na Wapolandi waliokaa kambini pale wakati wa Vita Kuu ya Pili, na humo kuna kapicha kadogo ka ndege ya kivita, Spitfire, ina herufi RF na D ubavuni na katuni ya Donald Duck karibu na kioo cha rubani. Wanaofuatilia ndege za vita wanajua hapo hapo, RF ni skwadroni (kikosi cha ndege) ya 303, Wapolandi waliopigana ndani ya jeshi la anga la Uingereza, na yule bata ni alama ya Jan Zumbach aliyeiongoza skwadroni hiyo mwaka 1942 na kuangusha ndege zaidi ya 10. Sasa kazi inaanzia hapo, Zumbach alirusha Spitfire zaidi ya moja zenye RF-D na bata, kuna yenye namba BM144 na kuna yenye namba EN951, kwa hiyo herufi kubwa hazikusaidii, jibu liko kwenye vitu vidogo vidogo.

Na hivyo vidogo ndo studio nyingi zinaviua. Mjukuu wa mzee alishaipeleka sehemu nyingine, wakaipitisha kwenye programu ya kung'arisha, ikarudi inapendeza kweli ila namba za karibu na mkia zimegeuka michoro isiyosomeka kwa lugha yoyote na zile duara za rangi ubavuni, alama ya jeshi la anga la Uingereza, zimechorwa upya. Jamani duara ni ushahidi! Katikati ya 1942 Waingereza walizibadilisha, pete nyeupe na ya njano zikawa nyembamba sana, zamani zilikuwa pana, sasa programu ikikuwekea pete za kwake imeshakufutia tarehe.

Hapa Mashine Tatu dada wa kwenye skana kabla hajagusa chochote akauliza, "Kaka, nisafishe au niache ilivyo?" Aisee kwa swali hilo tu nilishajua nimefika. Nikamwambia acha hata mikwaruzo. Akaskani dpi 1200 (ukali wa kuskani), akanipa faili la TIFF, lile lisilopunguza ubora wa picha, kwenye flashi, hakuongeza kontrasti, na hilo ni la maana sana kwa sababu baadhi ya filamu za enzi zile zinaonyesha njano kama nyeusi, ukikoleza vivuli pete ya nje, ile ya njano, inapotea kabisa unabaki unadhani haikuwepo. Akageuza na nyuma akaskani bila kuombwa, kuna maandishi ya penseli kule.

Tukaikuza kwenye kompyuta yake. Pete nyeupe, nyembamba kama uzi wa cherehani, kwa hiyo picha sio ya kabla ya katikati ya 1942. Tukasogea taratibu hadi mkiani, pale fundi wa ndege kasimama kaziba namba, na nyuma ya bega lake zikatokea tarakimu mbili za mwisho, 51. EN951 hiyo! Nikapiga simu Ifunda hapo hapo, "Shikamoo mzee, ndege yako tumeipata," mzee akaniomba nirudie namba polepole aiandike.

Nyota moja nimebana kwa sababu skana ni moja tu na asubuhi foleni ya pasipoti saizi inajaa hadi nje, mwenye kazi ya kutulia nayo aende mchana. Negativu hawaskani, wanachukua zilizochapwa tu. Bei elfu tano kwa picha, mbele na nyuma, flashi uje na yako.