Plagi za mashine ya boti: ipi uchukue, ipi uiache dukani

Usiende dukani kuulizia "plagi ya mashine ya boti" hivi hivi. Utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na uisome herufi kwa herufi. Mfano BR8HS-10 ya chapa ya NGK: B ni hesi ya milimita 14, R ina rezista (kizuizi kinachopunguza makelele ya umeme), 8 ni kiwango cha joto, H ni hesi yenye urefu wa milimita 12.7, na 10 ya mwisho ni upenyo wa milimita 1.0 kwenye ncha.

Hiyo H ilinitia adabu. Nilifunga yenye E, ambayo hesi yake ina urefu wa milimita 19. Iliingia vizuri tu, maana unene ni uleule. Nilipovuta kamba, tok! Mashine ikakwama. Kuitoa, ncha imelala, upenyo hakuna: pistoni imeigonga.

Namba moja naipa plagi ya kawaida ya nikeli. Kwa mashine ya mipigo miwili yenye kabureta, sioni sababu ya kulipa zaidi. Inachoma oili pamoja na petroli, na masizi ya oili yataiziba iridiamu (plagi ya bei, yenye ncha ya madini magumu) kama yanavyoiziba nikeli. Nunua seti mbili. Ya akiba ikae botini ndani ya chupa inayofunga kabisa, kwa sababu hewa ya chumvi huila plagi hata ikiwa kwenye boksi.

Ya pili ni iridiamu, kwa mashine ya mipigo minne, hasa kama ilitoka nayo kiwandani. Inadumu, lakini ncha yake ni nyembamba, kwa hiyo usiikwangue kwa brashi ya waya. Platinamu inafuata nyuma yake kidogo.

Zile za mdomo bapa, yaani zisizo na ncha iliyochomoza, kama BUHW, chukua pale tu mtengenezaji alipozitaja. Ni za baridi mno, yaani hupoteza joto haraka, na ukivua kwa mwendo wa polepole siku nzima zinaweza kujaa masizi. Zisizo na R naziweka mwisho: kuna mashine za zamani zinazozitaka, ila kwenye mashine yenye kompyuta zinaweza kuivuruga, na redio nayo ikakoroma.

Ukibadili chapa, angalia mtego huu. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Champion ni kinyume. Plagi ya moto kupita kiasi inaweza kutoboa pistoni, basi tumia jedwali la ulinganisho, usikisie.

Kufunga: anza kwa vidole mpaka washa (pete ya chini ya plagi) ikae, kisha spana nusu mzunguko. Baada ya safari chache zitoe uzitazame. Kahawia hafifu ndiyo nzuri. Ikiwa nyeusi na inateleza, kagua kwanza kipimo chako cha oili.